KUACHIA SI KUACHA



Wanafunzi wanaotengeneza buletini hii waliniomba niandike kurasa mbili juu ya namna ya kujifunza Kingereza vizuri. Walisema: "Mwalimu, utupe mashauri kumi." Nilianza kuyaandika, nikafika ku shauri la tatu, nikapasua karatasi. Mashauri munayo mengi. Mimi nataka kuwaeleza namna nilivyokosa mara mbili, na kitu nilichojifunza katika makosa hayo. Wengine wenu mulikuwa ndani ya kelasi hiyo. Kama nasema uongo, mutanisahihisha.

Siku sauti ilipopotea

Nafundisha Kingereza katika masomo yetu, huu ni mwaka wa kumi na mbili sasa. Kwa miaka kumi ya kwanza nilifundisha kama mimi mwenyewe nilivyofundishwa. Kelasi ilikuwa na wanafunzi 58, mabuku ya Kingereza manne, na moja limekosa kurasa za mwisho. Basi nafika, nasalimia, naandika ku tablo, wanafunzi wanaandika ndani ya kaye. Kiisha nasoma, nao wanarudilia wote kwa sauti moja. Siku ya interogasio wananirudishia yale niliyowapa, nami nahesabu pointi. Nilijiona kuwa mwalimu mzuri. Kaye zilikuwa safi, hata mgeni aliyepita kutazama kelasi alizisifu.

Siku moja ya wakati wa mvua niliamka koo imefunga, sauti hakuna. Nilienda ku masomo vile vile. Kelasi ile ilikuwa mwaka wa pili wa humanite. Leo wako mwaka wa nne. Niliandika ku tablo kwa Kingereza rahisi kwamba leo siwezi kusema, kila mtu atumie saa hii kufanya kitu anachoona kinamsaidia katika Kingereza. Kiisha nikaketi.

Hakuna aliyefanya kitu. Sisemi kwamba kulikuwa fujo, hapana. Kelasi ilinyamaza, kila mtu na biki yake mkononi, macho ku tablo, wanangojea. Dakika kumi zikapita, kiisha ishirini. Mwisho kijana mmoja wa benchi la mbele akanyosha mkono: "Mwalimu, tunakopia nini?"

Neno lile lilinichoma. Huyu alikuwa kati ya wanafunzi wangu wenye pointi nyingi. Miaka miwili mbele yake kulikuwa Ekzame ya Serikali. Tangu ekzame hiyo ilipoanzishwa katika mwaka 1967, hakuna mwanafunzi aliyeingia ndani pamoja na mwalimu wake. Siku ya lugha unapewa maandishi ya Kingereza ambayo hujapata kuyaona, unasoma peke yako, unachagua jibu peke yako. Na kiisha ekzame kuna maisha, ambayo nayo hayaandikwi ku tablo kusudi mtu akopie.

Mtoto wa mayai

Katika likizo ya mwaka ule nilimsindikiza ndugu yangu mpaka Kasumbalesa. Wengi wenu munapajua. Ni mpaka wetu na Zambia, na makamyo yanayobeba shaba na kobalti yanapanga mstari mrefu hata usione mwisho wake. Mashofere wanatoka Zambia, Tanzania, Afrika ya Kusini na kwingine. Zambia ilitoka chini ya utawala wa Waingereza katika mwaka 1964, lakini ilishika Kingereza kuwa lugha ya serikali. Kwa hiyo ukivuka kizuizi kile, hatua chache tu, Kifransa chako kinabaki nyuma.

Pale nilikutana na mwanafunzi wangu mmoja, mwenye pointi 80 juu ya 100 katika Kingereza. Tulipokuwa tunasalimiana, shofere mmoja alimwuliza wapi anaweza kupata maji. Mwanafunzi wangu alisimama kama mti. Nilimwona midomo inatafuta, bila shaka anatafuta ukurasa wa kaye. Kabla hajaupata, mtoto wa kama miaka kumi na miwili, sahani ya mayai ya kuchemsha ku kichwa, alijibu: "Water is that side, boss. Egg is here." Shofere alicheka, akanunua mayai mawili.

Nilimwita mtoto yule, nikamwuliza alijifunza wapi. Akanijibu: "Minaomba bashofere baniambie jina ya kila kintu. Mangaribi minarudilia mu kichwa. Kesho minalisema. Shofere akicheka vibaya, minajua nilikosa. Akinunua, njo iko sawa."

Njiani kurudi nilifikiri maneno yake. Mtoto yule alifanya mambo mane. Alichagua mwenyewe kitu anachohitaji. Alichagua njia ya kukipata. Alikijaribu. Kiisha alijipima na kujisahihisha. Katika kelasi yangu mambo yote mane nilikuwa nayafanya mimi. Mimi nachagua somo, mimi nachagua njia, mimi nauliza, mimi napima. Kwa miaka kumi, mtu aliyekuwa anajifunza kila siku katika kelasi yangu ni mimi.

Lakini tusidanganyane. Sisifu barabara kuliko masomo. Mtoto yule aliacha masomo juu ya mafaranga, na neno "egg" analolisema vizuri hawezi kulisoma. Angepewa kiti kimoja katika kelasi yetu angetoa mayai yake yote. Yeye alikuwa na uhuru bila mwalimu. Wanafunzi wangu walikuwa na mwalimu bila uhuru. Wote wawili wamekosa nusu.

Kosa la pili

Kosa la kwanza lilikuwa kufundisha miaka kumi bila kuwaachia wanafunzi kitu. La pili lilikuwa kuwaachia vyote siku moja.

Kiisha likizo nilirudi na moto. Nikaambia kelasi: "Tangu leo muko huru. Mufanye vikundi, kila kikundi kichague chenyewe kitu cha kujifunza." Nikaketi nyuma, nikajisifu moyoni.

Majuma matatu yalitosha kunionyesha. Katika kila kikundi mmoja anayejua alifanya kazi yote, wengine walikopia kwake. Zamani walikopia ku tablo, sasa wanakopia kwa mwenzao, na makosa yameongezeka. Wasichana wa nyuma hawakusema neno. Vijana wengine walizungumza habari za mpira, kwa Kiswahili kizuri kabisa. Papa mmoja alienda kwa Prefe, akasema: "Nalipa mafaranga ya masomo kila mwezi, na mtoto ananiambia mwalimu wa Kingereza anaketi tu. Ni kiti njo ninalipa?" Prefe aliniita. Sikuwa na la kujibu.

Lakini lililonishinda zaidi ni karatasi ndogo niliyoikuta ndani ya kaye moja nilipokuwa nasahihisha. Msichana mmoja ambaye sikupata kusikia sauti yake aliandika: "Mwalimu, wengine wanasema umechoka na siye. Kama umetuacha, utuambie."

Sikulala vizuri usiku ule. Kiswahili chetu kina kuacha na kina kuachia. Ni herufi moja tu inayotenga maneno haya mawili. Nilitaka kuwaachia, nikawaacha.

Mutazame mama anayefundisha binti yake kusonga bukari. Kama anashika mwiko yeye mwenyewe kila siku, binti ataolewa bila kujua kusonga. Kama anampa mwiko siku ya kwanza na kwenda zake sokoni, jioni watu watakula madonge. Mama mwenye akili anampa mwiko, naye anabaki karibu. Anatazama moto. Anasema: "Ongeza unga kidogo." Mkono unaogeuza ni wa binti, lakini jicho la mama liko pale.

Wengine waliotutangulia

Kiisha siku zile nilianza kusoma juu ya jambo hili, nikaona kwamba si mimi wa kwanza.

Mfaransa mmoja, jina lake Joseph Jacotot, alikuwa amelazimika kutoka inchi yake, akaanza kufundisha katika universite ya Louvain katika mwaka 1818. Louvain leo iko Ubelgiji. Jina la Universite Lovanium, iliyofunguliwa kwetu Kinshasa katika mwaka 1954, linatoka ku mji huo. Wengi wa wanafunzi wake hawakujua Kifransa, naye hakujua lugha yao. Alitafuta buku la Fénelon linaloitwa Télémaque, lililopigwa chapa katika lugha mbili, ukurasa kando ya ukurasa. Kwa msaada wa mkalimani aliwaomba wajifunze maneno ya Kifransa wakitazama yale ya lugha yao, wayarudilie, kiisha waandike kwa Kifransa mawazo yao juu ya buku. Alingojea makosa mengi. Alishangaa kuona namna walivyoandika vizuri.

Watu wanapenda kusema kwamba Jacotot hakufundisha kitu. Mimi nauliza: nani alichagua buku? Nani aliwapa kazi, nani aliwaomba waonyeshe walichofahamu? Hakuwaeleza, kweli. Lakini hakuwaacha.

Karibu na sisi, kaskazini ya Kamerun, mwalimu Harry Kuchah alikuwa na kelasi ya Kingereza yenye wanafunzi zaidi ya 200, jua kali, mabuku machache. Aliwaomba wanafunzi watafute wenyewe maandishi ya kusoma na kuyafanyia kazi kwa vikundi. Aliandika habari hiyo pamoja na Mwingereza Richard Smith katika mwaka 2011. Nilipoisoma nikaona haya kulia juu ya wanafunzi 58.

Na Mfaransa mwingine, Henri Holec wa universite ya Nancy, aliandika buku kwa Baraza la Ulaya, lililotoka katika mwaka 1979. Anaeleza kwamba mwanafunzi huru ni yule anayeweza kuchukua mzigo wa kujifunza kwake mwenyewe: kuchagua shabaha, njia, na kupima matunda yake. Tena anaonya kwamba uwezo huo mtu hazaliwi nao, anaupata kwa kujifunza. Pale ndipo nilipoona kosa langu. Niliwapa wanafunzi uhuru kama vile unavyompa mtu kanzu, kumbe ni kama kuogelea. Unafundishwa kidogo kidogo, na wa kwanza kuingia majini ni mwalimu.

Tulivyoanza tena

Nilisimama mbele ya kelasi nikasema: "Nilikosa. Tuanze tena polepole." Kiisha tulifanya mambo mane.

La kwanza, kila mmoja alileta kaye ndogo. Siku ya kwanza ya juma unaandika jambo moja tu unalotaka kuweza katika Kingereza juma hili. Siku ya mwisho unaandika ulifanya nini kulipata, na kitu gani kinakushinda bado. Mwanzoni wengi waliandika: "Nataka kujua Kingereza." Niliwarudishia. Hiyo si shabaha, hiyo ni pori. Mmoja akaandika: "Nataka kuuliza bei na kufahamu jibu." Hiyo ndiyo.

La pili, tulimwiga Jacotot. Hatuna Télémaque, lakini Biblia ya Kiswahili iko katika kila nyumba, na masomo yana Agano Jipya la Kingereza, nakala tisa. Tulifungua Luka 15, mfano wa mwana mpotevu, ambao hata mtoto wa shule ya Siku ya Mungu anaujua. Sikueleza kitu. Niliuliza swali moja: "Mutafute maneno yanayoonyesha kwamba jambo limekwisha pita." Walitafuta kwa vikundi, Kiswahili mkono wa kuume, Kingereza mkono wa kushoto. Katika saa mbili walifika kwa mistari miwili: upande mmoja maneno yanayopata -ed nyuma, kama "wasted" na "kissed", upande mwingine yale yanayobadilika yenyewe, kama "went", "came", "ran". Mimi kwa somo hilo nilikuwa natumia majuma mawili. Kikundi kimoja kiliandika "need" katika mstari wa kwanza kwa sababu inaishia -ed. Kelasi ilicheka, lakini wenzao ndio waliowaonyesha sababu, si mimi. Na sijapata kuona mmoja wao akikosa tena neno lile.

La tatu, wanafunzi walianza kutunga wenyewe maswali ya interogasio, kwa namna ya Ekzame ya Serikali, jibu moja la kweli na mengine ya uongo. Mujaribu mutaona. Kutunga jibu la kweli ni rahisi. Kutunga jibu la uongo linalofanana na kweli ni kazi, maana lazima ujue mwenzako anaangukia wapi. Anayejua mtego ulipo hanaswi.

La nne, kila mmoja alileta Kingereza cha nyumbani: mfuko wa unga uliotoka Zambia, kartoni ya sabuni, karatasi ya ndani ya dawa. Hapo yule msichana wa karatasi ndogo alileta kiboksi cha dawa za bibi yake. Nyumbani hakuna aliyejua kusoma kilichoandikwa juu yake, walikuwa wanakisia. Katika kaye yake aliandika: "Nataka kusoma dawa ya bibi." Kwa majuma matatu alitafuta neno kwa neno katika dikisionere, akiulizauliza. Kiisha alisimama mbele ya kelasi, akaandika ku tablo "twice daily, after meals", akaeleza: mara mbili kwa siku, kiisha chakula. Bibi alikuwa anameza mara moja, tena asubuhi tumbo tupu. Alipeleka jambo lile kwa infirmie, kwa maana kusoma karatasi hakumfanyi mtu kuwa munganga, na infirmie akamsahihishia bibi dawa yake. Ile ilikuwa mara ya kwanza kelasi kusikia sauti ya msichana yule. Hakuna aliyempangia somo lile, hata mimi nisingelifikiria.

Na mimi wakati ule nilikuwa wapi? Sikuketi tena. Nilipita benchi kwa benchi. Mtu akiniuliza neno, nilimjibu kwa swali: "Utalipata wapi?" Dakika kumi za mwisho nilirudi ku tablo kueleza kosa moja ambalo niliona kwa wengi. Walimu wenzangu, musifikiri kwamba njia hii ni ya kupumzika. Nilirudi nyumbani nikiwa nimechoka kuliko zamani.

Bei ya kuachia

Kuna bei ambayo sikuingojea. Siku moja niliandika ku tablo neno "informations". Kijana yule yule wa benchi la mbele, wa "tunakopia nini", akanyosha mkono. Alisimama polepole: "Mwalimu, samahani sana. Mu dikisionere haiko na s."

Kelasi ikanyamaza. Nilifungua dikisionere. Kweli, kwa Kingereza ni "information" tu, hata zikiwa habari mia. Hiyo s nilikuwa nimeitoa ku Kifransa, nami niliwafundisha wanafunzi kwa miaka kumi na moja. Wako watu wazima katika mji huu wanaoandika kosa langu.

Nakubali kwamba kwa dakika moja nilitaka kumwambia: "Keti." Nilikuwa na uwezo. Kiisha nilikumbuka kwamba mimi ndiye niliyempa mwiko. Nilifuta ile s, nikasema: "Aksanti, umenifundisha." Hakuna aliyecheka. Juma lililofuata watatu waliniletea maneno mengine ambayo Kifransa kinatudanganya. Mmoja alitambua kwamba "library" si librairie ambapo watu wananunua mabuku, bali ni bibliotheque ambapo wanayasoma. Nilipoteza nini? Kiburi kidogo. Walipata nini? Walijua kwamba ukweli wa lugha hauko mdomoni mwa mwalimu, uko mahali ambapo nao wanaweza kufika.

Yaliyobaki

Sitaki kuwapakia rangi. Wako wanafunzi watatu au wane ambao mpaka leo wanangojea kukopia. Kusema bado ni kazi, kuandika ni afazali. Vikundi vinapiga makelele, na hapa naomba mwalimu wa matematika, jirani yetu, atusamehe tena. Mwaka huu kelasi ile itaingia Ekzame ya Serikali, na sijui kila mmoja atapata nini.

Najua kitu kimoja tu. Juma lililopita koo ilinifunga tena, ni hizi mvua. Niliingia ndani ya kelasi, nikaonyesha koo kwa kidole, nikaketi. Kaye ndogo zilikuwa zimekwisha kufunguliwa. Kila kikundi kilishika kazi yake. Hakuna aliyeuliza tunakopia nini. Kijana wa benchi la mbele alikuja karibu na meza yangu, akaniuliza kwa Kingereza, bila kosa hata moja, kama nimekunywa dawa.

Ninyi wanafunzi, kabla ya kumngojea mwalimu, mujiulize mambo matatu: juma hili nataka kuweza nini? Nitapitia njia gani? Nitajua namna gani kwamba nimefika? Na sisi walimu, tuwape mwiko, lakini tusitoke jikoni.

Ni mimi, mwalimu wenu wa Kingereza.